Baba Bella na Diski ya Mwezi

Baada ya miaka ishirini na mmoja kwenye usukani wa gari la dobi la hoteli yetu hapa Doha, Douglas Barasa, yaani Baba Bella, anastaafu tarehe 30 Juni. Mudir, meneja wetu, atasema gari lake halijawahi kugonga kitu. Nguzo ya geti la Al Wakrah ina maoni yake.

Sisi tutamkumbuka kwa klabu yake ya diski. Aliianzisha enzi za simu za kupigia tu. Tulichanga, duka moja la Eldoret likatutumia muziki na sinema kwa posta, naye akasambaza kwenye mabweni ya wafanyakazi hadi Al Rayyan, kila diski ndani ya sare iliyopigwa pasi. Sheria ni moja: Diski ya Mwezi anachagua yeye, na usipoikataa kufikia Alhamisi, ni yako.

Trevor wa mapokezi alienda likizo ndefu bila kukataa chochote. Aliporudi alikuta kitandani kwaya, kwaya nyingine, na sinema moja, sehemu ya kwanza na ya tatu. Akaja juu. Baba Bella akamtuliza: ya pili iko njiani.

Simu janja zilipofika, tuliambiwa klabu imekwisha. Haikuisha. Emily wa usafi alipofiwa na mama yake akakosa ruhusa ya kusafiri, ndani ya aproni yake alikuta nyimbo za kanisa la kwao. Hakuwa ameziomba. Hakuzikataa pia.

Ndiyo maana tangu Aprili tumekuwa na wasiwasi: gari likipata dereva mwingine, nani ataibeba klabu? Faridah, anayerithi usukani, alitangaza kantini nzima ikisikia kwamba yeye ana simu yake na mambo ya diski mzee aende nayo kwao. Jumapili iliyopita Faridah alikunjua sare yake safi, akakuta funguo za kabati la klabu zimebandikwa karatasi: Chaguo la Mwezi.

Faridah hulalamikia hata chumvi ya wali. Alhamisi alinyamaza kutwa nzima. Jioni funguo zilikuwa zinaning'inia kwenye kioo cha gari.

Asante, Baba Bella. Tunakutakia afya, raha na usingizi wa mchana huko Bungoma. Diski ya Julai ameshaichagua Faridah. Usipoikataa kufikia Alhamisi, inakuja.