Mama Wivine na Kalamu Iliyoitwa Excellence

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Wivine Ndaya, mwandishi wa ndoa katika ofisi yetu ya komini, yaani serikali ya mtaa hapa Kolwezi, atakabidhi ufunguo wa kabati la rejista na kuanza mapumziko yake. Sisi tuliobahatika kufanya kazi naye tunajua kwamba neno "mapumziko" hapa limetumiwa kwa adabu tu. Huyu ni mtu ambaye hata akiwa likizo alikuwa akipita ofisini kuangalia kama viti vimefutwa vumbi.

Alizaliwa Kongolo, akaletwa Kolwezi na baba yake aliyepata kazi mgodini, akakulia katika nyumba za kampuni kule Dilala. Alianza kazi mwaka 1994, enzi ambazo komini bado iliitwa zone, akiwa mpiga chapa. Mashine aliyopewa haikuwa na herufi "k", na katika mji unaoitwa Kolwezi hilo lilikuwa tatizo la kila ukurasa. Mama Wivine aliruka nafasi zote za "k", kisha akazijaza moja moja kwa mkono. Zilitoka nzuri kiasi kwamba mkuu wake alimwondoa kwenye mashine na kumpeleka meza ya ndoa, na hapo ndipo alipobaki.

Tangu hapo ameandaa ndoa za wachimbaji wa Musonoi, za walimu, za wauza vitenge wa soko la Manika, za madereva wa taxi-moto waliokuja na kofia zao za pikipiki mkononi, na ya mkurugenzi mmoja aliyesahau pete ndani ya gari ambalo dereva alikuwa ameondoka nalo. Nusu ya mji huu imesimama mbele yake ikishika pindo la bendera ya taifa, kama kiapo cha ndoa kinavyodai kwetu. Na hapa inabidi tuseme jambo ambalo Kolwezi nzima inalijua ila huwa halitajwi mbele yake. Katika rejista zote hizo, ndoa moja haimo, nayo ni ya kwake mwenyewe. Yeye na mume wake, Tata Stany Kisimba, waliunganishwa na familia zao kwa mila, mahari ikatoka, watoto wakazaliwa, lakini mbele ya serikali na mbele ya padri hawajawahi kufunga ndoa. Tulipompa rasimu ya maandishi haya aisome tulidhani atalifuta jambo hili. Alifuta umri wake tu, akaturudishia.

Lawama yote ni ya kalamu moja.

Kalamu hiyo ililetwa mwaka 2001 na bourgmestre wa wakati ule, yaani mkuu wa komini, aliyerudi nayo kutoka safari ya Ulaya. Ni kalamu ya wino, nyeusi, nzito, yenye ncha ya dhahabu, ndani ya kisanduku kilichotandikwa kitambaa chekundu. Ilikuja na sifa zake: kwamba marais hutia nayo saini mikataba, kwamba wino wake haufutiki hata karatasi ikizama majini, kwamba maharusi wanaotia nayo saini hawaachani kamwe. Hii ya mwisho tunashuku iliongezwa hapa hapa Kolwezi. Wachumba walianza kuiulizia kabla hata ya kuuliza tarehe. Sisi wa ofisini tuliipa jina la Excellence, yaani Mheshimiwa, kwa sababu iliheshimiwa sana, ilitembea na sanduku lake, na haikufanya kazi.

Si kwamba haikuandika kabisa. Ingekuwa hivyo tungeachana nayo zamani. Iliandika jina la kwanza ikagoma kwenye la pili. Iliandika vizuri asubuhi mezani kwa Mama Wivine, na mbele ya wakwe ikakauka. Vumbi letu liliiziba, joto la Oktoba liliitapisha wino, na baridi ya Julai iliifunga koo. Ilipelekwa kwa fundi Lubumbashi, ikarudi imeng'arishwa vizuri sana na ugonjwa wake ule ule.

Mwaka 2002 ikafika zamu ya Mama Wivine mwenyewe. Tata Stany, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache na shingo ngumu, aliingia ukumbini na suti nyeupe ya kuazima, wakwe zake wakiwa wamesafiri kutoka Kongolo, walikokuwa wamerudi baada ya kazi ya mgodini. Bourgmestre alikuwa ameweka amri kwamba katika meza ile hakuna kutia saini kwa kitu kingine isipokuwa Excellence. Tata Stany akaishika, akaandika, haikutoka hata nukta. Akaitikisa kidogo, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na hapo Excellence ikamwaga wino wake wote juu ya suti. Kuna mtu aliyecheka, na kwa bahati mbaya mtu huyo alikuwa baba mkwe. Tata Stany aliirudisha kalamu mezani polepole, akatamka kwamba kalamu iliyomwaibisha mbele ya wakwe ndiyo itakayomwondolea aibu, na kwamba siku itakapotengenezwa ndiyo siku atakayotia saini. Kisha akaenda nyumbani kubadili nguo. Watu walidhani ni hasira za siku moja.

Zimedumu miaka ishirini na mitatu. Bourgmestre alihamishwa na amri yake ikasahauliwa, bendera ya taifa ikabadilika, mji wetu ukawa makao makuu ya jimbo, na Tata Stany bado alikuwa akimuuliza mke wake anaporudi kazini kama ile kalamu imepona. Mama Wivine alijibu kwamba bado, akapakua chakula. Ni rahisi kucheka, nasi tumecheka sana. Lakini bila cheti cha komini padri hafungishi ndoa, na bila ndoa ya kanisani Mama Wivine hakuweza kupokea komunyo. Jumapili baada ya Jumapili ameimba sauti ya kwanza katika kwaya, na wenzake walipopanga mstari kwenda altareni yeye alibaki kwenye benchi, ameshika vitabu vyao vya nyimbo mapajani. Hilo lilimuuma. Hakulisema kazini, ila sisi tunaosali naye tulimwona uso wake.

Labda ndiyo maana alijitahidi sana kalamu ile isimharibie mtu mwingine siku yake. Amri ya zamani ilipoondoka na mwenyewe, Mama Wivine alianzisha utaratibu ambao leo ni sheria yetu: Excellence ni ya picha, biki ni ya saini. Bwana harusi anaiweka Excellence juu ya karatasi, anatabasamu, mpiga picha anafanya kazi yake, halafu Mama Wivine anachomoa biki ya buluu kutoka kwenye nywele zake na ndoa inaandikwa. Biki hiyo tumeiona ikikaa katika mitindo yote ya misuko. Siku moja alikuja na wigi jipya, akaitafuta ofisi nzima, akatushuku sote, hadi mkaguzi aliyetumwa kutoka jimboni akamwonyesha kwa kidole ilipokuwa. Mkaguzi huyo aliandika ripoti nzuri juu yetu.

Ustadi wake tuliuona zaidi siku ya Josias na Jémima. Josias alikuwa creuseur, yaani mmoja wa wachimbaji wetu wa mkono, akitokea Musonoi, na familia ya Jémima ilikuwa imemkubali kwa midomo tu. Kwa kutaka kuwafurahisha wakwe, bwana harusi aliikataa biki akasisitiza Excellence. Jina lake likatoka lote, hata sisi tukashangaa. Ilipofika kwa Jémima, ikakauka. Shangazi yake, Tantine Mado, akasimama na kutangaza kwamba kalamu imekataa, kwamba hiyo ni alama, na kwamba watu wa familia wachukue mikoba yao. Jémima akaanza kulia, na wajomba wawili tayari walikuwa mlangoni.

Mama Wivine alizunguka meza, akaichukua Excellence, akaenda nayo mpaka mbele ya Tantine Mado.

"Mama, hii kalamu haiko na bwana, haiko na batoto," alisema. "Itajua nini ya ndoa?"

Kisha akamwomba aandike nayo jina lake mwenyewe. Tantine Mado akajaribu, ikakataa. Akaitikisa, na sote tuliokuwa tunaifahamu tukarudi nyuma. Kitenge chake kilikuwa cha njano. Alikitazama, akawatazama wajomba, akaanza kucheka mpaka ikabidi aketi, na Jémima akatia saini kwa biki kabla mtu hajabadili mawazo. Leo Josias na Jémima wana watoto watatu na duka la vipuri vya pikipiki, na mtoto wao mdogo analelewa mchana na Tantine Mado huyo huyo.

Habari zilifika kwa Tata Stany jioni ile ile, kama habari zote za mji huu zinavyofika. Tulitumaini kwamba maneno ya mke wake yatamlainisha. Aliuliza tu kama kile kitenge kilitakata.

Kilichomlainisha kilikuja Agosti mwaka huu, binti yao mkubwa, Chancelle, alipofunga ndoa katika ukumbi wetu. Mama yake alikuwa mezani kikazi, baba yake kiti cha mbele. Mpiga picha aliifungua Excellence kwa mbwembwe zake za kawaida. Chancelle akaisogeza pembeni kwa kidole kimoja, akanyoosha mkono kichwani kwa mama yake, akachomoa biki, akatia saini. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Vigelegele vikalia, na Mama Wivine akasema yale anayowaambia maharusi wote badala ya hotuba: "Muende ku nyumba, chakula inapola." Kwa hayo huwa anawakumbusha kwamba chakula kinapoa na waliopika wanangoja. Watu wakatoka wakiimba. Tata Stany akabaki kwenye kiti chake akiiangalia ile meza. Binti yake alikuwa ameshakuwa mke wa mtu mbele ya serikali, na mama wa binti huyo bado.

Hakufanya lolote siku hiyo, wala mwezi uliofuata. Lakini Jumanne moja ya Oktoba, foleni ikiwa imefika hadi nje, Tata Stany aliingia ofisini na nguo zake za kazi, akapanga foleni kama wengine, na zamu yake ilipofika akaweka biki mpya mezani mbele ya mke wake, bado na kifuniko chake.

"Mi nachoka kungoja ile kalamu," alisema. "Ni we njo nilioa."

Foleni nzima ilisikia kwamba ameoa mke, si kalamu. Mama Wivine alichukua ile biki na kuanza kuandika tangazo la ndoa, lile tunalobandika ubaoni kabla ya siku yenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu akaharibu karatasi. Alikuwa amekosea jina lake mwenyewe. Akaichana, akaanza nyingine, akakosea tena. Mwishowe mwandishi wa mistari hii alimwandikia, kwa mwandiko usiofikia wake hata nusu, na yeye akakaa pembeni akilia na kutabasamu kwa pamoja, huku akisahihisha "k" ya Kisimba. Tata Stany alisimama hapo hapo mpaka gundi ikakauka ubaoni. Watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni hawakulalamika, jambo ambalo katika ofisi yetu halijawahi kutokea.

Kwa hiyo ratiba ya Ijumaa ina mambo mawili. Asubuhi ni ndoa ya Tata Stany Kisimba na Mama Wivine Ndaya, ambaye ameshafuta viti mwenyewe na kunyoosha bendera kwa pasi, tukimkataza. Mashahidi ni Josias na Jémima. Tantine Mado ameahidi kuhudhuria, safari hii na kitenge cheusi. Baada ya hapo ni maagano, vinywaji na hotuba, ambazo tunaomba ziwe fupi. Padri amekwisha kupanga misa yao Jumapili, na kwaya itabidi itafute mtu mwingine wa kushika vitabu.

Excellence nayo itakuwepo, ndani ya kisanduku chake, kifuniko kikiwa kimefungwa. Tulipendekeza Mama Wivine apewe kama zawadi ya kumbukumbu. Alikataa kwa maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Itabaki ofisini kwa ajili ya picha. Biki iliyo kwenye nywele zake ni mali ya komini, lakini uongozi umekubali kutoidai.

Mama Wivine, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa wale wasiojua kuandika, uliowashika kidole gumba ukakiweka kwenye karatasi kwa heshima ile ile uliyompa mkurugenzi. Tunakushukuru kwa mabibi harusi uliowafuta machozi nyuma ya kabati, na kwa sisi wenzako, uliotuvumilia tulipokutania juu ya jambo lililokuwa likikuuma. Ofisi itakuwa safi bila wewe, tunaahidi, ila haitakuwa na utani wake.

Miaka yote umewaaga maharusi mlangoni, kisha wewe ukarudi ndani kufunga madirisha. Ijumaa madirisha tutayafunga sisi. Mshike mkono mume wako, Mama. Muende ku nyumba, chakula inapola.

Rachelle Tshilombo, meza ya vizazi, kwa niaba ya wafanyakazi wote