Aliyeifundisha Mashine Kupiga Hodi

Tarehe 31 Desemba 1971 Bwana Machano Shamsi anakabidhi funguo za chumba cha mashine, baada ya miaka thelathini ya kazi ya telegramu. Funguo zenyewe ni mbili, na mmoja hatujui ni wa nini. Yeye anajua, ila amekataa kusema mpaka siku ya mwisho.

Alitoka Matemwe mwaka 1941, akaanza kwa kupeleka telegramu mitaani kwa baiskeli. Baiskeli hiyo bado anayo. Kengele haina, yeye huwapigia watu kelele kwa mdomo. Alipofanywa mkuu wa chumba alipiga marufuku neno "labda": akilisema mtu, atawanunulia wenzake kahawa. Fundi wetu Bakar ametunywesha kahawa nyingi, Mungu amzidishie.

Lakini mimi, Kazija, karani wa chumba hiki, nimeomba kuandika wasifu huu kwa sababu ya mwaka 1968.

Mwaka ule tuliletewa mashine mbili mpya. Moja iliwekwa Wete, Pemba: karani huandika maneno kwenye utepe wa karatasi, akikosea husahihisha, kisha utepe mzima hupelekwa kwa mkupuo. Ya pili ilikaa kwetu Mji Mkongwe, kazi yake kuyapokea maneno hayo na kuyachapa. Tukaziita Mwandishi na Mkalimani, na tukajiona tumefika!

Basi ikaja telegramu ya harusi. Watu wa bwana harusi, wako Wete, walimwandikia Bi Thuwaiba wa Mlandege, mama wa bibi harusi: HATUTAKUJA IJUMAA. Siku hizo ujumbe ulitangulia, jina na mtaa vikifuata chini. Mkalimani akachapa: TUTAKUJA IJUMAA. Bi Thuwaiba akapika biriani la watu mia mbili, akangoja mpaka magharibi. Hakutokea mtu. Lo! Herufi mbili tu zimeliwa, H na A, na mama wa watu kaadhirika mtaa mzima.

Zamu ilikuwa yangu. Nikapewa barua: nijieleze katika wiki mbili ama niache kazi. Mama yangu na wadogo zangu watatu walikula kwa kazi hiyo. Nililia, sioni haya kusema. Bakar aliipima Mkalimani mara ishirini, ikachapa sawasawa. Akasema labda Kazija alikuwa anasinzia. Bwana Machano akamwambia, "Kahawa, Bakar."

Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya Mkalimani na saa yake na daftari. Siku kumi na moja hakuondoka zamuni ila kwa sala na chakula. Telegramu zilizofuatana zilifika nzima. Zile zilizokuja baada ya kimya cha robo saa ndizo zilizofika zimekatwa kichwa. Kumbe Mkalimani ikikosa kazi robo saa, mota yake hujizima. Maneno yakija ghafla mota huanza kuzunguka, lakini kabla haijashika kasi, herufi za mwanzo zishapita. Na Bakar kila akitaka kupima alianza kwa kujaribu waya, na huko kujaribu ndiko kulikoiamsha mashine. Alikuwa akimpima mtu aliyekwisha kuamka.

Dawa ilikuwa ya nyumbani. Nani Unguja huingia nyumba ya watu bila hodi? Bwana Machano akataka kila utepe uanze na HODI mara tatu, kisha Mwandishi angoje. Sisi tukijibu KARIBU kwa waya uleule, ndipo maneno yapite. Hodi tatu na kimya, usipeleke, rudi baadaye. Wakubwa walicheka, ati mashine haina mlango.

Hakubishana nao. Siku ya kumi na tatu aliwasimamisha mbele ya Mkalimani robo saa nzima, kisha Wete wakapeleka HATUTAKUJA. Ikatoka TUTAKUJA, macho yao yakiona. Akawangojesha robo saa nyingine. Safari hii ikatoka DI HODI HODI. Nikajibu KARIBU. Ikaja HATUTAKUJA, nzima, na HA yake.

Barua yangu ilichanwa palepale. Bwana Machano akapanda baiskeli mpaka Mlandege kumtaka radhi Bi Thuwaiba kwa kosa ambalo halikuwa lake wala langu, akarudi na sahani ya haluwa. Bakar alikula nusu yake peke yake. Hadi leo kila telegramu ya Wete hupiga hodi kwanza.

Ahsante, mzee wangu. Mola akupe afya na umri huko Matemwe, na hiyo baiskeli ipate kengele. Tutakuja kukutazama, na hodi tutapiga. Kwa niaba ya chumba kizima nakuandikia neno moja. Lihesabu herufi kama kawaida yako, uhakikishe limefika na kichwa chake: HATUTAKUSAHAU.