Nitafutie Kama Ile ya Habineza

Pale Nengo, juu ya ziwa Kivu, kwenye kona ambapo njia ya mawe inakunja kushuka mjini, kuna benchi la mbao lililoegemea ukuta. Kampire huuza kahawa hapo kutoka kwenye thermosi zake, na wanaume wa mtaa huinywa polepole kama dawa, maana glasi ikiisha inabidi mtu aende nyumbani. Benchi lile lina desturi yake. Mwisho wa upande wa barabara hukaa mwenye gari, ili alione gari lake, na ufunguo huuweka wazi juu ya ubao, kando ya glasi. Kwa miaka na miaka mwenye gari alikuwa mmoja tu, Viateur, na gari lilikuwa Korola yake ya rangi ya maziwa. Harusi ikitoka mtaani, Korola mbele. Watu wakienda kumwombea kijana mchumba, Korola mbele, wazee ndani yake, na hakuna aliyethubutu kuipita. Ndiyo maana walimwita Konvwa, yaani msafara. Jioni hiyo Konvwa alikuja kwa miguu, akakaa mahali pake palepale, akabaki anatazama barabara tupu.

— Konvwa, gari iko wapi? aliuliza Bizumuremyi, mfanyabiashara wa viazi, ambaye mtaa mzima unamwita kwa jina la hivyo viazi vyake, Birayi.

— Iko kwa mutu wa kuosha. Nataka ing'ae sababu ya Jumamosi.

Huo ulikuwa uongo, na aliusema bila kupepesa macho. Mfukoni mwake mkono ulikuwa unachezea ufunguo wa nyumba, ili angalau kitu kilie.

Tuseme ukweli mapema, msomaji asije akamhurumia kabla ya wakati wake. Viateur alikuwa na wivu, na ulikuwa umemkondesha. Habineza wa ofisini, au wa biro kama wanavyosema hapo, mtu mpole aliyezoea kukaa katikati ya benchi bila kusumbua mtu, alikuwa amenunua pikapu. Si pikapu ya kubebea matofali. Pikapu nyeusi ya milango minne, ndefu, imeinuliwa juu ya matairi yenye meno, na bomba limepanda ubavuni mpaka kwenye paa. Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ilibeba mawe ya mtaro wote, na mkuu wa mudugudu alimshika Habineza mkono mbele ya watu huku Viateur amesimama na jembe lake. Na juzi Donatille, mama wa mtaani ambaye Jumamosi anampeleka mwanawe Gentil kuombewa mchumba kule juu Bugeshi, alionekana akitoka kwenye lango la Habineza. Hakupita kwa Viateur. Usiku huo Viateur hakulala.

Kulipokucha akamtafuta Muhire, komisiyoneri wa magari, yaani dalali.

— Nitafutie pikapu, alimwambia. Kama ile ya Habineza. Rangi ile, urefu ule, bomba lile.

— Kama ile kabisa?

— Kabisa.

Muhire akakuna kidevu, akasema itapatikana. Hakusema itatoka wapi. Makomisiyoneri hawasemi. Anayetoa na anayepokea hawaonani hata siku moja, kwa sababu wakionana watapeana mikono wenyewe, na komisiyoneri atabaki na simu yake mkononi. Basi asubuhi ya leo Viateur alikuwa amemkabidhi Korola pamoja na nyongeza, na pikapu ingeletwa jioni hapahapa kijiweni, mbele ya kila mtu. Jumamosi zitapanda Bugeshi pikapu mbili, na ya mbele itakuwa ya Konvwa. Kilichobaki kilikuwa kukaa, kunywa kahawa, na kumsikiliza Birayi akiisema ile ya Habineza.

— Mi nasema ile ni gari ya porini, alianza Birayi. Mutu wa biro anaenda nayo wapi? Kutoka kwake mupaka biro ni kushuka tu. Ukimaliza kufunga mukanda, umefika.

— Gari la namna ile limetengenezwa kwa ajili ya matope na mito, alisema Munyaneza, fundi cherehani aliyerudi kutoka Tanzania na ambaye kwa hiyo anaitwa Bongo. Habineza matope anayaona wapi? Yule hata kandambili zake ni safi.

Moyo wa Viateur ukatulia kidogo.

— Na kuipaki je? alisema. Sokoni aliingiza kichwa, mukia ikabaki katikati ya njia. Mama mumoja wa nyanya akatundika kikapu kwa ule mukia, akafikiri ni ukuta.

Wakacheka. Viateur alicheka zaidi yao.

— Lakini ilibeba mawe ya umuganda, alisema Kampire huku akifuta glasi.

Kampire hana adabu ya kunyamaza. Viateur alihisi lile jembe tena mikononi.

— Umuganda ni siku moja ya mwezi, mama. Mutu ananunua gari ya siku moja? Na zile zingine?

— Zile zingine anabeba upepo, alisema Birayi. Na mi najua pikapu, birayi yangu inashuka nazo kila siku. Ukiiwekea mizigo, inatulia. Ikiwa tupu, inaruka, inaruka, mupaka meno inagongana. Munafikiri sababu gani bibi yake anaenda misa kwa miguu sasa?

— Mimi najua sababu nyingine, alisema Bongo. Ule mushanana wa mkewe, lile vazi refu mpaka miguuni, niliushona mimi. Mwanamke aliyevaa mushanana hawezi kupandisha mguu pale juu akabaki na heshima yake. Nimemwona Habineza kwa macho yangu amebeba kigoda nyuma ya gari. Akifika anashuka, anatoa kigoda, anazunguka, anamkanyagisha mkewe. Watu wa kanisa wanasimama kutazama.

— Kigoda, alisema Viateur taratibu, kama mtu anayeonja asali.

— Na mvua, aliendelea Birayi. Hapa kwetu mvua haibishi hodi. Unanunua unga mujini, unaitupa huko nyuma, unafika nyumbani na bugali.

— Atafunika na turubai.

— Ndiyo, akisimama anafunika, mvua inakata. Akiifungua, inarudi. Donc siku yote ni kazi ya turubai.

Kahawa ikazunguka. Viateur alilipia wote, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake. Aliona raha. Ilikuwa kama mtu anamkuna mgongo mahali ambapo mkono wake mwenyewe haufiki. Haikumjia akilini kabisa, wala kwa mbali, kwamba kigoda hicho na turubai hiyo vilikuwa njiani kuja kwake.

— Lakini lile bomba ndilo linalonishinda, alisema Bongo. Lile ni la kupumulia. Gari likizama mtoni, injini inavuta hewa kwa juu.

— Mutoni wapi? aliuliza Birayi. Hapa hakuna muto ya kuzamisha gari. Iko Kivu tu.

Wote wakatazama chini kule ziwa lilikokuwa linang'aa kati ya mapaa.

— Yewe, alisema Birayi. Anataka kupita chini ya maji mupaka Kibuye, muji ya kule kusini.

— Kwa nini apite chini?

— Kule chini hakuna kamera ya polisi.

Bongo alilipima wazo hilo kwa uzito, akaona lina upungufu.

— Hapana. Yale matairi si ya majini. Angalia meno yake. Yale yametengenezwa kukanyaga lava ikiwa bado ya moto. Habineza anafanya kazi ofisini, karatasi zinapita mbele yake. Anajua mlima wetu wa moto utatema lini, na hatuambii.

— Siku hiyo sisi tutakimbia na magodoro kwa kichwa, alisema Birayi, yeye atapandisha. Sisi tunashuka, yeye anapanda. Na zile taa za juu ya paa, ni za kuona kwa moshi.

— Mutanyamaza? alisema Viateur.

Hakukusudia kuisema kwa ukali. Lakini habari ya Habineza akipanda mlima peke yake huku dunia nzima inakimbia ilimchoma, hata kama ni ya kipuuzi. Alimwona kichwani mwake, ametoa kiwiko dirishani.

— Hamuoni? Lava gani, Kibuye gani? Ile gari aliinunua sababu ya hiki kiti. Akapiga ubao kwa kiganja. Hapa. Alikaa pale katikati miaka yote, ananiangalia nikiweka ufunguo. Siku moja wivu ikamushinda. Mutu mwenye wivu anaweza kununua hata treni.

Birayi na Bongo wakatazamana. Kati ya nadharia zote za jioni ile, hiyo waliiona imepita kiasi.

— Konvwa, alisema Kampire. Na we, wakikupa ile pikapu leo, ungeenda nayo wapi?

— Bugeshi. Jumamosi.

— Na siku ya kwanza?

Siku ya kwanza, yaani Jumatatu, Viateur humpeleka mama mkwe kliniki, halafu husimama sokoni karibu na lango, mahali padogo ambapo Korola tu inaingia. Jumanne vilevile. Alichukua glasi, akanywa, na haikuwa na kitu ndani.

Ndipo Korola ikaja.

Ilipanda njia ya mawe kwa ile sauti yake ya paka aliyeshiba, ikakunja kona bila kupunguza mwendo, ikasimama mahali pake pa siku zote, mbele ya mwisho wa benchi. Ilikuwa imeoshwa kweli. Kwenye kiti cha mbele, akipewa lifti, alikaa mama mzazi wa Donatille, ambaye mtaani wanamwita tu Mukecuru, yaani bibi kizee, na kwenye usukani alikaa Habineza.

— Ah, Konvwa, umemwazimisha gari, alisema Bongo. Umefanya vizuri.

Habineza alishuka, akawasalimia mmoja mmoja, akaja akasimama mbele yake na uso wenye furaha ya kweli, na hilo ndilo lilikuwa gumu kuvumilia.

— Ndugu yangu, mi nimeshangaa. Mbona haukuniambia? Nilimuita Muhire, nikamwambia, niondolee hii pikapu, mi na bibi yangu tumechoka na kigoda. Nitafutie Korola kama ya Viateur. Kama ile kabisa. Saa ya kula analeta hii. Nikaona ule mukwaruzo kwa mulango ya nyuma, nikasema, kumbe ni yenyewe.

— Pikapu uliiondoa? aliuliza Birayi.

— Niliiondoa. Muhire amekatala kuniambia ni nani aliichukua. Ni gari nzuri, sisemi vibaya. Lakini ni ya mutu wa shamba kubwa huko juu, mwenye ng'ombe. Si ya mutu wa hapa. Nilidanganyika. Nilikuwa ninaona Konvwa anaweka ufunguo hapa, na mi nikataka nionekane.

Bongo aliangalia viatu vyake.

— Donatille alikuja kwako juzi, alisema Viateur. Kukuomba uende mbele.

— Mbele? Wapi. Alinifuata sababu ya makreti ya Fanta. Pikapu inabeba makreti mingi. Mbele alisema ni Konvwa, kama siku zote. Atakuwa alikuja kwako jana kukuambia.

Alikuwa amekuja. Viateur alikuwa ameuona ukosi wa koti lake getini, akamwambia mkewe aseme hayupo.

— Mi pikapu ile nilijaribu kuipanda, alisema Mukecuru kutoka ndani ya gari, bila kugeuka. Nikawaambia, mimi nilishaacha kupanda miti.

Habineza alikaa katikati ya benchi, mahali pake pa zamani, akampa Kampire ishara ya kahawa. Kisha akauliza, kwa wema wake wote:

— Bon, na we sasa unatembea na nini?

Swali dogo kama hilo. Birayi alimtazama Viateur, Bongo alimtazama Viateur, Kampire aliacha kumimina. Viateur aliushika ufunguo wa nyumba mfukoni mpaka ukamuuma.

Chini kwenye kona injini ikanguruma. Pua nyeusi ikajitokeza, ndefu, na bomba lake ubavuni. Ikajaribu kukunja, ikagusa ukuta wa Kampire, ikarudi nyuma. Ikajaribu tena. Nyuma yake pikipiki zilikuwa zimeanza kupiga honi, na kigoda kilikuwa kinarukaruka huko nyuma kwa kila mtikisiko. Hatimaye ikasimama imelala kingo hadi kingo, imeifunga njia yote, na Muhire akatoa kichwa dirishani.

— Mzee Viateur. Nimekuletea, kama ulivyosema. Niiweke wapi?

Watu wa benchi ndio waliojua jioni nzima kila kosa la gari lile, na sasa hakuna hata mmoja aliyekuwa na mahali pa kuliweka. Birayi alikohoa. Kampire alitikisa thermosi, akaigeuza juu chini, likatoka tone moja.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Mukecuru alikuwa amegeuka sasa. Aliitazama pikapu, akamtazama Viateur, akaelewa kwa haraka kuliko wanaume wote.

— Basi iko sawa, alisema. Habineza atanipeleka mbele. Fanta ataibeba Viateur.

Habineza, kwa aibu, alitaka kukataa. Lakini kwa vile mkono wake bado ulikuwa na ufunguo wa Korola na hakujua auweke wapi, aliuweka juu ya ubao, mahali funguo za magari zinapowekwa. Viateur aliutazama. Akanyanyuka kidogo, akasogea katikati, naye Habineza akaja mwisho wa benchi.

Kutoka pale katikati, ambapo hakuwahi kukaa, Korola ilionekana vizuri zaidi. Jua la mwisho lilikuwa juu ya boneti yake. Hata ule mkwaruzo wa mlango wa nyuma ulimpendeza. Muhire alikuwa bado anaita kutoka kwenye kona, na Viateur hakumsikia, kwa sababu alikuwa anaionea wivu, wivu mkali kuliko wote aliowahi kuuona, Korola ile ya Habineza.