Kivuli cha Kuanikia Majani

Alhamisi tarehe 15 Agosti 1974 wakubwa walituhamishia kijiji kipya ambacho hadi leo hakina mti hata mmoja, na ndiko nilikomzika mke wangu. Juzi, kwenye basi la Tinde, nilimsikia jirani yangu Mbuke akimlalamikia bwana afya kwamba mwanawe jioni haoni, ingawa humlisha majani makavu ya kunde.

“Unayaanika juani, mama. Jua linaua vitamini iliyomo, ile kinga ya macho, na mwili unashika kutu kama bati.”

“Na moshi wa sigara yako, baba, ndiyo rangi ya kulinda bati?”

Tulicheka mpaka akaizima. Mkubwa hapendi kuchekwa. “Anika kivulini,” akasema.

Basi likasimama, akainuka. Mbuke akamkamata shati. “Mlitutoa kwenye miti yetu wenyewe. Hicho kivuli nikitoe wapi?”