Siku Majaji Watatu Walipomsomea Mume Wangu

Wapendwa, Yesu ainuliwe katika kanisa letu hapa Sparkbrook asubuhi hii! Mmezoea kuniona kwenye kwaya, mimi Mama Furaha. Leo siimbi. Leo nawaambia jinsi hofu ilivyotaka kuniua.

Mimi na binti yangu Furaha tulitoka Uvira, Kongo, tukafika hapa Birmingham, Uingereza, kwanza, tukapewa makaratasi ya ukimbizi na nyumba mtaa wa Ladywood, huko juu ghorofani. Mume wangu alibaki mafichoni, maana wenye bunduki walikuwa wanamtafuta kwa jina. Alipopata njia, alisafiri kwa pasipoti ya mtu mwingine. Ndugu zangu, ya kwake angeipata wapi? Alipotua hapa Uingereza, walimkamata palepale uwanja wa ndege. Wakili aliyepewa akamwambia, "Kubali kosa, yaishe haraka." Akakubali. Wakamfunga, na wakasema akimaliza kifungo atarudishwa Kongo.

Watu wa Mungu, niliogopa hata lifti! Ikisimama kwenye ghorofa yetu, nilitega sikio mlangoni. Nilidhani wamekuja kuniambia tayari yuko kwenye ndege. Furaha akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha shuleni, kama baba yake ni mwizi. Nilijifungia bafuni.

Dada mmoja wa hapa kanisani akanipeleka kwa wakili mwingine, mwanamke mwenye ofisi Stratford Road. Alisikiliza yote, akapiga meza. "Sheria inamlinda mkimbizi aliyetumia pasipoti isiyo yake kukimbia kifo! Hakuna aliyemwambia?" Akakata rufaa London.

Nikafikiri sasa nitapumua. Ndipo mume wangu akapiga simu kutoka gerezani.

"Mama Furaha, nataka kuiondoa hiyo rufaa. Wenzangu humu wanasema majaji wakikasirika, unakaa zaidi."

"Na ukimaliza kifungo, utaenda wapi?"

Akarudia tena habari za majaji.

"Baba Furaha, utaenda wapi?"

Nikamsikia analia. Tangu tuoane sikuwahi kumsikia akilia. Mwishowe akasema, "Basi, acha iendelee."

Siku ya kesi nilipanda basi la London pale stendi ya Digbeth, nikatapika njia nzima. Mahakamani walimleta mume wangu akakaa nyuma ya vyuma, amekonda, shingo imebaki mifupa. Majaji walikuwa watatu. Mmoja akaanza kusoma, akasoma, akasoma! Kiingereza cha sheria sikukijua. Nilishika maneno mawili tu: "pasipoti" na "uongo". Yakarudi tena na tena. Nikasema moyoni, tumekwisha. Nilitaka kuomba, maombi yakakataa. Mimi ninayeongoza maombi ya Ijumaa! Nilibaki nasema "Yesu, Yesu," kama mtoto aliyepotea sokoni. Mume wangu aliniangalia apate kujua kinachosemwa, nami nilikuwa namwangalia yeye.

Wakili akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaninong'oneza, "Wameifuta. Hukumu yote wameifuta. Hakutenda kosa."

Ndugu zangu, nilikaa chini sakafuni, mbele za majaji.

Lakini hofu haikuisha siku ile. Watu wa uhamiaji walimshikilia tena, na wakili akaenda mahakama nyingine kupigania akae nchini. Huko pia Bwana akatenda, wakamruhusu abaki. Yule pale, mstari wa nyuma, mwenye koti la kijivu. Baba Furaha, simama wakuone! Bado mlango ukigongwa anashtuka. Na mimi bado nashtuka. Sisemi uongo madhabahuni.

Asante Yesu, uliyenisikia nilipokosa maneno. Na wewe uliyekaa hapo na kesi yako, usiyelala, unayeona aibu kumwambia mtu: usijifungie ndani. Mwite Yesu hata kama sauti inatetemeka. Kisha njoo uniambie mimi. Nitakaa nawe kwenye benchi la mahakama, tutaogopa wote wawili, na Yeye atakaa katikati yetu.