Karatasi Juu ya Plagi

Ndugu waombolezaji, historia mliyogawiwa getini iliandikwa na ofisi ya taasisi aliyofanyia kazi marehemu, ina picha nzuri na maneno matamu, lakini inatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa hiyo mimi kaka yake mkubwa, fundi bomba, nimeikunja na kuitia mfukoni, nami nitasoma hii niliyoiandika mwenyewe, mnivumilie nikikwama.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya kona, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji. Alianza shule ya msingi Januari 1973, akivaa viatu vyangu vya zamani vilivyojazwa magazeti, na hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya pili, jambo lililotuudhi sana sisi wengine. Alimaliza sekondari Novemba 1984, akapata shahada ya biolojia Juni 1989, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo akaajiriwa katika maabara ya taasisi.

Alifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1991 na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, mnayemwona hapa, wakajaliwa watoto watatu. Wa kwanza, binti, alizaliwa tarehe 2 Februari 1993 bila mirija ya kupitisha nyongo kutoka kwenye ini, akawa wa njano mpaka kwenye macho, akafariki tarehe 11 Novemba mwaka huohuo. Ofisi imemruka, imeandika watoto wawili. Walikuwa watatu.

Tangu hapo dada alivalia njuga jambo moja, kuotesha maabarani vipande vya ini na mirija ya nyongo kwa seli za binadamu, ili siku moja mtoto wa namna ile apandikizwe mirija mingine. Alinijia na maswali, bomba huanza kuziba wapi, kwenye kona au kwenye kiungio, nikamtania kwamba mabomba yake hata kwa miwani hayaonekani, akanijibu kwamba yangu yanaonekana na bado yanavuja. Seli zile zilitaka kubadilishiwa maji ya chakula kila baada ya siku mbili, iwe sikukuu iwe msiba, na harusi ya mwanangu aliiacha kabla keki haijakatwa, nikamnunia mwezi mzima, jambo ambalo leo naliomba radhi mbele yenu. Mwaka 2019 mrija wa kwanza ulipitisha nyongo, na kufikia mwisho wa 2023 alikuwa na ishirini na miwili.

Tarehe 6 Februari 2024 alilazwa kwa ugonjwa wa moyo, akamwachia zamu msaidizi wake. Ijumaa tarehe 16, msaidizi huyo alitolewa maabarani huku akipinga, kwa kuwa Jumatatu mgeni mkubwa alikuwa anakuja na ukuta ulitakiwa kupakwa rangi. Juu ya plagi ya kabati la joto lililotunza mirija, dada alikuwa amebandika karatasi ya herufi nyekundu, USICHOMOE. Mafundi rangi waliibandua ili wapake rangi, wakaikunja vizuri, wakaiweka mezani kwake, kisha wakachomoa plagi na kuchomeka feni ya kukaushia ukuta. Mirija yote ikafa, na Jumatatu mgeni akasifu usafi. Barua ya taasisi inasema hitilafu ya umeme. Umeme ulikuwepo, ndugu zangu, feni ilikuwa inazunguka.

Sisemi feni ndiyo iliyomuua, daktari amesema ni moyo na daktari namheshimu, lakini nilikuwepo wodini msaidizi alipomletea ile karatasi, dada akaikunjua, akaitazama, akauliza tu ukuta umepakwa rangi gani. Alifariki tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi.

Seli zake zimebaki, vichupa arobaini katika jokofu la baridi kali, na msaidizi anajua kuziotesha upya, lakini taasisi imetangaza kwamba Ijumaa hii jokofu litaondolewa kupisha ofisi mpya. Mkurugenzi, uko safu ya pili, shada lako ni kubwa kuliko yote, na nisingependa kukusema mbele za watu, ila nimekalia benchi la nje ya ofisi yako mara nne nikiambiwa una kikao. Leo huna kikao. Hatutaki jengo lenye jina lake, nina hasira na sitaki kufarijiwa, tunataka jokofu lisiguswe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotuazima viti na mabega, mlinzi wa geti la taasisi aliyemfungulia dada kila Jumapili kwa miaka kumi na mitano, na wenzake wa maabara. Msaidizi wake hamumwoni hapa, na asilaumiwe, kwa sababu tangu asubuhi ameweka kiti mbele ya jokofu, mgongo wake umeegemea plagi, na amesema hatainuka mpaka mkurugenzi arudi na jibu.

Pumzika kwa amani, dada, zamu yako ina mtu.