Kiti cha China, Kiti cha Chini

Mwalimu Elias Haule anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kukitumikia chuo chetu hapa Mbinga kwa miaka thelathini na moja. Tarehe hiyo tumeihakikisha mara mbili, maana kwake kuondoka si jambo la kuharakishwa.

Alifundisha historia ya uhusiano wa kimataifa, na kila aliyepita darasani kwake anakumbuka mada moja: kiti cha China katika Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Serikali ya Beijing ilishika nchi mwaka 1949, lakini wajumbe wa serikali iliyoshindwa, iliyokimbilia Taipei kisiwani Taiwan, wakaendelea kukikalia kiti hicho hadi 1980. Hapo sauti ya Mwalimu ilifika jikoni, mpishi wetu Mama Mwanabibi akaacha kuchambua dagaa. Mwalimu alikuwa akifoka, inakuwaje mtu awakilishe nyumba asiyoishi?

Mwaka mmoja aliwaandalia wanafunzi mkutano wa kuigiza wa Benki. Vibandiko vya viti aliviandika mwenyewe, kwa mwandiko wake tunaoujua, na "Kiti cha China" kikasomeka "Kiti cha Chini". Waliopanga ukumbi walitii, wakaleta kigoda cha jikoni. Tumsifu, binti wa Lituhi aliyekuwa mjumbe wa Beijing, alijadili magoti yakiwa kidevuni, huku Taipei imejinyoosha kwenye kochi la Mkuu wa Chuo. Mwalimu akasema amekusudia, ili historia ionekane. Tulipiga makofi.

Miaka minne iliyopita Mwalimu Sekela aliteuliwa kuwa Mkuu wa Idara badala ya Mwalimu Elias. Akapanga ratiba, akasimamia mitihani, akasuluhisha migogoro. Kwenye vikao vya baraza la chuo, hata hivyo, kiti cha idara kilikaliwa na Mwalimu Elias, eti makabidhiano yanaendelea. Sekela alimpa shikamoo yake, akaenda kukaa benchi la wageni, akasikiliza kazi yake ikisomwa na mwingine. Siku alipomwuliza kwa heshima zote kama hiyo si Taipei, alijibiwa kuwa hiyo ni diplomasia. Jambo hili lilituudhi, na linatuudhi hata leo.

Sifa zake hatumnyimi. Alifundisha vizuri mno. Shida ni kwamba tulimwelewa.

Leo ukumbini Mwalimu Sekela amekaa mahali pake. Nawe Mwalimu Elias, asante kwa yote. Zawadi yako ni kigoda kile cha Mama Mwanabibi, tumekipiga vanishi, kibandiko chako hatukukibandua. Nenda nacho nyumbani Kihagara, ukapumzike kwa afya na amani. Hicho hakuna atakayekudai.